Technisches Rathaus ya Frankfurt: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jengo la jiji lililobomolewa

Msafiri anayesubiri ndege ya kuunganisha Frankfurt akiwa na saa chache mkononi, mara nyingi huchukua treni hadi katikati ya mji, akapiga picha nyumba za mbao zilizo karibu na Römer, jengo la kale la halmashauri ya jiji, kisha akarudi uwanjani. Nyumba nyingi kati ya hizo hazijatimiza hata miaka 15. Zimesimama pale pale palipokuwa na jengo kubwa la zege la serikali ya jiji, nalo lilijengwa juu ya uwanja ulioachwa wazi na mabomu. Haya ndiyo maswali yanayoulizwa zaidi kulihusu.

Technisches Rathaus lilikuwa jengo gani?

Lilikuwa makao ya idara za ufundi za jiji la Frankfurt am Main: mipango miji, ukaguzi wa majengo, na nyinginezo za namna hiyo. Ukitaka kibali cha ujenzi au kuiona ramani ya kiwanja chako, ndipo ulipokwenda. Lilikamilika mwaka 1974. Lilikuwa na minara mitatu ya zege yenye vimo tofauti, yote ikisimama juu ya kitako kimoja kipana kilichoenea karibu eneo zima kati ya kanisa kuu na Römer.

Römer ndiyo halmashauri yenyewe ya kihistoria, iliyotumika kwa kazi hiyo tangu mwaka 1405, na meya yupo humo hadi leo. Technisches Rathaus lilikuja kuisaidia Römer. Halikukusudiwa kuchukua nafasi yake.

Kabla yake palikuwa na nini?

Palikuwa na moyo wa mji wa kale. Mtaa uitwao Markt ulitoka kwenye mlango wa kanisa kuu la Mtakatifu Bartholomäus hadi uwanja wa Römerberg. Kuanzia 1562 hadi 1792 wafalme wakuu wa Dola Takatifu ya Kirumi walivikwa taji ndani ya kanisa hilo, kisha wakatembea kwa miguu kupitia mtaa huo kwenda kwenye karamu Römer. Njia hiyo ilikuwa nyembamba, na kando yake palijaa wachinjaji, wauza viungo na wauza kuku. Kauwanja kadogo katikati kaliitwa Hühnermarkt, soko la kuku. Shangazi yake mshairi Goethe, Johanna Melber, alikaa hapo na kuendesha duka.

Nyumba moja inastahili kutazamwa kwa karibu. Haus zur Goldenen Waage ilijengwa mwaka 1618 na 1619 na Abraham van Hamel, mwokaji wa vitu vitamu na mfanyabiashara wa viungo, aliyekuwa ametoka Tournai kama mkimbizi wa dini. Ghorofa ya chini ilikuwa ya mawe mekundu ya mchanga yaliyochongwa kwa ufundi, na juu yake zikapanda ghorofa za fremu za mbao, kila moja ikijitokeza kidogo mbele ya ile ya chini yake. Juu kabisa, nyuma ya paa, palikuwa na kibustani chenye kibanda, ambako familia iliweza kukaa jioni ikitazama mapaa ya mji mzima. Mgeni aliyeingia akiwa hana nchi alijenga nyumba nzuri kuliko za wenyeji wengi, na majirani zake walilalamika sana wakati wa ujenzi.

Hizo nyumba za fremu zilijengwa kwa mbao nene zilizounganishwa, na nafasi katikati zikajazwa fito na udongo. Kanuni yake haiko mbali na ile ya nyumba ya miti na udongo tuliyoizoea Pwani, ila kule ilipandishwa ghorofa nne au tano.

Ni kweli mji wa kale uliteketea kwa usiku mmoja?

Si usiku mmoja. Ndege za Uingereza zilipiga tarehe 18 Machi 1944 na zikarudi tarehe 22 Machi, na shambulio hilo la pili ndilo lililomaliza kazi. Watu 1,001 walikufa usiku huo. Mbao kavu za miaka mia kadhaa, vichochoro vyembamba, na mabomu ya moto yaliyomwagwa kwa wingi vilifanya moto uliojivutia upepo wenyewe. Walioponea mle ndani wengi walipita chini kwa chini: tangu mwanzo wa vita kuta za vyumba vya chini vya nyumba jirani zilikuwa zimetobolewa na kuunganishwa, hivyo watu waliweza kutambaa kutoka nyumba hadi nyumba mpaka kwenye mlango wa kutokea Römerberg. Nyumba aliyozaliwa Goethe nayo iliangamia usiku huo, siku ile ile ya mwezi aliyofariki mwaka 1832.

Habari hii haisimuliwi sawasawa bila nusu yake ya pili. Vita vilianzishwa na utawala wa Hitler, na Frankfurt ilikuwa imewatoa watu wake yenyewe kabla ya mabomu kufika. Kuanzia Oktoba 1941 Wayahudi zaidi ya 10,000 walikusanywa kwenye vyumba vya chini vya soko kuu la mboga, Großmarkthalle, wakapakiwa kwenye treni na kupelekwa kuuawa mashariki. Soko hilo leo ni sehemu ya makao ya Benki Kuu ya Ulaya, na kumbukumbu ya waliosafirishwa ipo hapo hapo kando ya reli.

Kwa nini eneo hilo halikujengwa upya mara baada ya vita?

Kwanza, watu walihitaji pa kulala. Kifusi kilitangazwa kuwa mali ya jiji, na mwaka 1945 ikaundwa kampuni maalumu ya kukisaga na kukigeuza kuwa vifaa vya ujenzi. Mwaka 1946 meya Walter Kolb alijitokeza mwenyewe barabarani na mashine ya kuvunjia mawe mkononi ili wananchi wamfuate kusafisha mitaa. Katika hali hiyo, kuchonga upya nguzo za mbao za karne ya 17 kulionekana anasa.

Pili, kulikuwa na swali la dhamiri, na hili ndilo ambalo wageni wengi hulipita haraka. Jiji lilipoamua kuijenga upya nyumba ya Goethe kama ilivyokuwa, mwandishi Mkatoliki Walter Dirks alipinga vikali mwaka 1947. Hoja yake ilikuwa kwamba nyumba ile haikuanguka kwa ajali. Kulikuwa na uhusiano kati ya maangamizi yake na maovu yaliyotangulia, na kuirudisha kana kwamba hakuna kilichotokea ni kuukana uhusiano huo. Alishindwa; nyumba ilifunguliwa tena 1951. Lakini hoja yake ilikaa vichwani mwa wasanifu majengo kwa miaka mingi. Kwao, kujenga kisasa kulikuwa njia ya kukiri.

Basi kanisa la Paulskirche likarudishwa mwaka 1948 kwa umbo rahisi, sehemu kubwa ya mji wa kale ikajengwa nyumba za kawaida za wapangaji katika miaka ya 1950, na kipande kati ya kanisa kuu na Römer kikabaki wazi. Watu walikigeuza maegesho ya magari. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wakapata nafasi ambayo hawangeipata kamwe: chini yake waligundua mabaki ya makazi ya Kirumi na ya kasri la kifalme la enzi za ukoo wa Karoli Mkuu. Mashindano ya usanifu yaliitishwa na mipango ikachorwa. Kwa karibu miaka 30 hakuna kilichosimama.

Benki zinaingiaje katika habari hii?

Zinaingia kwa sababu ndizo zilizoibadilisha Frankfurt kutoka mji wa wafanyabiashara kuwa jiji la minara. Mwaka 1948 benki kuu ya majimbo ya magharibi, Bank deutscher Länder, iliwekwa hapo, na 1957 ikafuatwa na Bundesbank, benki kuu ya Ujerumani Magharibi. Mwaka 1949 Frankfurt ilipoteza nafasi ya kuwa makao makuu ya nchi kwa Bonn, lakini fedha zilibaki. Benki binafsi zikafuata, na mtaa wa Westend wenye nyumba za zamani za matajiri ukaanza kubomolewa ili kupisha ofisi. Wakazi waliungana kuupinga uharibifu huo tangu 1969, na vijana wakavamia nyumba tupu na kuishi humo.

Jiji linalokua kwa kasi hiyo linahitaji maofisa wengi wa ramani, vibali, barabara na reli. Technisches Rathaus lilijengwa kwa ajili ya maofisa hao. Makao ya Bundesbank yenyewe yalikamilika mwaka 1972, nayo ni ya zege lile lile la kizazi kile. Ofisi ya fedha na ofisi ya jiji zilivaa vazi moja.

Nani alilibuni?

Ofisi ya wasanifu Bartsch, Thürwächter na Weber, walioshinda shindano la mwaka 1963 kuhusu eneo lote kati ya kanisa na Römer.

Lilipokelewaje na watu?

Kwa manung'uniko tangu siku ya kwanza. Meya wa wakati huo, Rudi Arndt, tayari alikuwa na jina la utani la Rudi Baruti, kwa kuwa miaka michache kabla alitamka kwamba magofu ya jumba la zamani la opera yalipuliwe. (Opera hiyo ilinusurika na kufunguliwa tena mwaka 1981 kwa nguvu ya michango ya wananchi.) Watu walipoiona minara mitatu ikipanda mbele ya mnara wa kanisa kuu, wengi waliona baruti imekwisha kulipuka.

Wakati huo huo chini ya ardhi ilikuwa ikijengwa njia ya treni, na stesheni ya Dom/Römer ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1974. Kando yake paliwekwa maegesho makubwa ya magari chini ya ardhi. Kwa hiyo jengo halikusimama juu ya udongo bali juu ya mitambo ya jiji: reli, magari, ngazi, mifereji ya hewa. Jambo hili litarudi baadaye, kwa maana liliwaumiza vichwa waliokuja kujenga baada yake.

Je, lilikuwa baya kama wanavyosema?

Hapana, na naomba tulitendee haki. Liliwekwa mahali pasipostahili, na kwa ukubwa usiostahili. Hayo ni makosa mawili mazito. Lakini kuta zake hazikuwa kazi ya mzembe. Wabunifu walilivunja jengo katika minara mitatu badala ya bonge moja, kwa makusudi ya kupunguza uzito wake mbele ya kanisa. Lingejengwa kilomita moja kaskazini, pengine leo lingekuwa linalindwa kama urithi.

Tatizo lake kubwa lilikuwa miguuni. Njia ya wafalme ilifungwa. Mtu aliyetoka kanisani kwenda Römer alijikuta akipita kando ya ukuta wa ofisi, na Hühnermarkt ilitoweka kabisa chini ya kitako cha jengo. Mji wa kale ulikuwa na milango ya nyumba kila baada ya hatua chache. Pale palibaki milango michache iliyofungwa saa za kazi zikiisha. Jioni eneo lile lilikuwa kimya. Mtu anaweza kusamehe sura ya zege, lakini kukosa mahali pa kupita ni jambo jingine.

Kwa nini lilibomolewa kabla ya kutimiza miaka 40?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mifumo yake ilikuwa imechoka, na ukarabati ungekula fedha nyingi kwa jengo ambalo wananchi hawakulipenda. Swali likawa: tukiliondoa, tuweke nini?

Mwaka 2005 ofisi ya KSP Engel und Zimmermann ilishinda shindano la mipango, kwa mchoro wa majengo makubwa ya kisasa yenye mapaa ya mgongo. Hapo ndipo moto ulipowaka. Wananchi walitazama picha wakasema wanabadilishiwa bonge moja kwa mabonge mengine. Vikundi vikaundwa, magazeti yakajaa barua, na vyama vya siasa vikalazimika kusikiliza. Mwaka 2006 jiji liliwaita wakazi kwenye warsha ya mipango waseme wanataka nini, na walichotaka kilieleweka: vichochoro vya zamani, viwanja vidogo, nyumba nyembamba, na angalau baadhi ya nyumba mashuhuri zirudi kama zilivyokuwa. Tarehe 6 Septemba 2007, chini ya meya Petra Roth, baraza la jiji lilipitisha uamuzi wa kubomoa na kujenga kwa kufuata ramani ya zamani.

Lililipuliwa?

Hapana. Kulia kwake kulikuwa na kanisa la karne nyingi, chini yake treni zikipita mchana kutwa. Kuanzia mwaka 2010 lilivunjwa kwa mashine, kutoka juu kwenda chini, na kifusi kikachukuliwa kwa malori. Sehemu za chini ya ardhi, yaani maegesho na stesheni, zilibaki.

Hilo lina maana kwamba mtaa mpya wote umeketi juu ya dari ya gereji. Nyumba hazina misingi ya kawaida kwenye udongo, na uzito wa kila ukuta wa mawe ulipaswa kupelekwa hasa penye nguzo zilizo chini. Mahandaki ya divai na ghala za viungo zilizokuwa chini ya nyumba za asili haziwezi kurudi, kwa sababu palipokuwa na mapipa sasa pana magari.

Nyumba zinazoonekana leo ni za kale au za kuiga?

Ni nyumba 35. Kati yake 15 zimejengwa upya kwa kufuata zile zilizoungua, na 20 ni miundo mipya inayotii masharti ya mtaa: upana, mteremko wa paa, aina ya mawe. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2012 na sherehe kubwa za uzinduzi zilifanyika Septemba 2018. Gharama ilifika takriban yuro milioni 200.

Mafundi walizijuaje nyumba ambazo hazikuwepo kwa zaidi ya miaka 60? Walitumia picha, vipimo vya zamani, na kielelezo cha mji wa kale kwa umbo dogo, kilichotengenezwa na ndugu wawili, Hermann na Robert Treuner, ambao walianza kazi hiyo miaka ya 1920, walipopita mtaa kwa mtaa wakipima. Pia kulikuwa na vipande halisi vya mawe vilivyookolewa kwenye kifusi mwaka 1944 na baada ya hapo. Vingine vilihifadhiwa na makumbusho, vingine vilikuwa vimepambia bustani za watu. Baadhi vimerudishwa kwenye kuta, na ukitazama vizuri utaona jiwe lililoliwa na hali ya hewa likiwa limebanwa kati ya mawe mapya yenye kingo kali. Mimi hupenda mahali hapo kuliko kuta nzima zisizo na kovu.

Kwa nini wapo wanaoupinga mtaa huo mpya?

Sababu ni kadhaa. Wapo wanaosema ni fedha nyingi za umma kwa makazi ya watu wachache, katika jiji ambalo kodi za nyumba zinawakaba wengi. Wapo wasanifu wanaosema kuiga ni kuwadanganya wajukuu. Na mwaka 2018 Stephan Trüby, profesa wa usanifu huko Stuttgart, aliandika gazetini kwamba miongoni mwa walioanzisha wazo la kuujenga upya mji wa kale walikuwamo watu wa mrengo mkali wa kulia, akaonya kuhusu historia inayorudishwa hadi kabla ya 1933 na kuruka yaliyofuata. Mjadala ulikuwa mkali sana.

Maoni yangu: kuwalaumu wakazi wote waliotaka vichochoro vyao kwa sababu ya nia za wachache ni kuwaonea. Watu walikuwa na haki ya kutaka mtaa wa kutembea. Lakini onyo lenyewe ni la kweli. Mgeni anaweza kuutembea mtaa mzima akaondoka akiamini kwamba hapo hakujatokea vita, wala hakujawahi kuwa na jengo la zege. Jiji lililotumia fedha zote hizo kurudisha mwaka 1618 lilipaswa kuandika kwa herufi kubwa pia 1944 na 1974.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, kupitia mtu mmoja. Ernst May, mzaliwa wa Frankfurt, aliongoza mipango na ujenzi wa jiji hilo kati ya 1925 na 1930. Ndiye aliyejenga mitaa mizima ya nyumba za bei nafuu zenye paa bapa, na katika mradi wake Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko dogo la kisasa lililokuja kuigwa duniani. Baada ya miaka michache Urusi, na Hitler akiwa ameshika madaraka, May hakuweza kurudi nyumbani. Alikuja Tanganyika mwaka 1934 akalima, kisha akafungua ofisi Nairobi. Aliandaa mpango wa upanuzi wa Kampala, akabuni jengo la chama cha wakulima wa kahawa, KNCU, mjini Moshi, na Oceanic Hotel huko Mombasa. Alirudi Ujerumani katikati ya miaka ya 1950.

May hakuchora Technisches Rathaus. Ila bila kumjua yeye huwezi kuelewa kwa nini Frankfurt, kuliko miji mingine ya Ujerumani, iliona kujenga kisasa ni mila yake yenyewe. Maofisa wa 1970 hawakudhani wanausaliti mji wao. Walidhani wanaendeleza kazi ya May. Na yeyote aliyewahi kusimama mbele ya jengo la KNCU pale Moshi amekwisha kuuona mkono wa shule hiyo bila kupanda ndege.

Kuna majengo mengine ya kizazi hicho yaliyoondolewa Frankfurt?

Mengi. Zürich-Haus, mnara wa bima wa mwaka 1962, ulivunjwa mwaka 2002. Jengo la zege la makumbusho ya historia, la mwaka 1972, lilibomolewa karibu wakati mmoja na Technisches Rathaus, hatua chache kutoka hapo. Henninger Turm, ghala la shayiri la kiwanda cha bia ambalo wakazi walilipenda kweli, liliondoka 2013. Na tarehe 2 Februari 2014 mnara wa chuo kikuu ulioitwa AfE-Turm, wenye urefu wa mita 116, ulilipuliwa mbele ya maelfu ya watazamaji.

Nikifika leo nione nini?

Shuka stesheni ya Dom/Römer. Ngazi zinakutoa katikati kabisa ya eneo lililokuwa la jengo. Tembea kutoka kanisani kwenda Römer kwa mtaa wa Markt, simama Hühnermarkt penye chemchemi ya Friedrich Stoltze, mshairi wa lahaja ya Frankfurt, kisha tafuta Goldene Waage kwenye kona ya kanisa. Mabaki ya Kirumi na ya kasri yamo chini ya jengo la Stadthaus. Kielelezo cha mji kilichotengenezwa na ndugu Treuner kiko kwenye makumbusho ya historia ya jiji. Kwa picha za Technisches Rathaus lenyewe, nenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya Institut für Stadtgeschichte, iliyo ndani ya monasteri ya zamani ya Wakarmeli, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Römer.